Alijikata, Alikatwa, au Kilikatika?

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii inajulikana kote Ukambani, tena kwa Kikamba chake, na watoto wa Mutomo na wa Kibwezi huisikia hata kabla ya kuingia darasa la kwanza. Aghalabu walimu huifafanua kwa kutaja umoja na ushirikiano, wakaishia hapo. Ni nadra mtu kuitazama kwa jicho la yule ambaye vidole vyake vimepungua kweli, ambaye kwake chawa, kifungo cha shati, ufunguo wa mlango na noti ya shilingi mia vyote vimekuwa mitihani.

Kijana anayezungumziwa hapa ni mmoja wa hao. Alizaliwa viungani mwa mji mdogo wa Mutomo, kusini mwa Kaunti ya Kitui, kaunti yenye eneo la zaidi ya kilomita 30,000 za mraba ambayo mtu aweza kuivuka siku nzima bila kukutana na mto wenye maji ya kudumu. Alipomaliza kidato cha nne hapakuwa na karo ya kwenda mbele. Mama yake hupata riziki kwa kusokota nyuzi za mkonge na kufuma vyondo, na kwa shamba la mbaazi na ndengu ambalo hutegemea rehema ya mawingu. Msomaji atakumbuka kwamba kuanzia mvua za mwisho wa mwaka wa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 misimu mitano ilipita mfululizo mvua ikiwa haba katika sehemu nyingi za nyanda kame za Kenya. Shamba lilipogoma, kijana alifunga virago, akaabiri matatu ya kusini kupitia Ikutha, akavuka Mto Athi na kushukia Kibwezi, katika Kaunti ya Makueni. Barabara hiyo, ambayo zamani ilikuwa ya vumbi na makorongo, sasa ni lami. Lami huleta mengi. Huleta pia kazi za ujenzi.

Kazi aliyoipata ilikuwa katika ghala moja kubwa lililokuwa likimaliziwa kujengwa kando ya mji. Mshahara ulikuwa shilingi 600 kwa siku, hulipwa Jumamosi, na anayekosa siku hukosa na pesa. Hapakuwa na mkataba wa maandishi. Palikuwa na daftari la nyapara, basi.

Ndani ya ghala hilo mlikuwa na mashine ambayo vibarua wengi walikuwa hawajawahi kuiona. Ni jukwaa la chuma lenye vizuizi pande zote, na chini yake mna vyuma virefu vilivyopishana kwa jozi, kila jozi ikiwa imefungwa katikati kwa pini, mfano wa mikasi iliyopandanishwa mmoja juu ya mwingine. Silinda ya mafuta inaposukuma, mikasi hiyo husimama wima na jukwaa likapaa hadi darini pamoja na watu na vifaa vyao. Mafuta yanaporudi, mikasi hulala na jukwaa likashuka. Mafundi wa umeme waliokuja nayo kutoka Nairobi walikuwa na jina lake la Kiingereza. Vibarua waliiita Mkasi, na hawakukosea, kwa maana chombo hicho hukata kama jina lake. Jukwaa linaposhuka, pembe kati ya chuma na chuma huzidi kuwa nyembamba, na chochote kilichosahauliwa katika pembe hiyo, kiwe bisibisi au kiganja, hubanwa kwa uzito wa jukwaa zima na waliomo. Hatari haiko huko chini pekee. Aliye juu akishika ukingo wa kizuizi wakati jukwaa linapaa karibu na boriti ya dari, vidole vyake huwa kati ya chuma na chuma vilevile.

Ubavuni mwa mashine palibandikwa kibandiko cha rangi ya manjano chenye picha ya mkono uliobanwa, na chini ya picha maneno ya Kiingereza. Wote waliiona picha hiyo. Lakini picha husema tu kwamba mkono waweza kubanwa. Haisemi kwamba kabla ya kuingiza mkono kati ya vile vyuma ni lazima kwanza kuweka kile chuma cha kuzuia mikasi isilale, wala haisemi chuma hicho kimehifadhiwa wapi. Hayo yalikuwa katika maneno, na maneno hakuna aliyeyasoma kwa sauti. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Vibandiko vya mashine havijapata habari hizo.

Ilikuwa Juni 2023, baada ya chakula cha mchana. Kijana alikuwa chini. Juu ya jukwaa alikuwamo mwenzake, kijana wa Ikutha waliyekuwa wakilala naye chumba kimoja cha kukodi na kuchangia sufuria moja ya githeri. Jukwaa lilikuwa limeshuka nusu, likakwama kidogo, kwa kuwa kipande cha waya kilikuwa kimeanguka na kunaswa katika ile mikasi. Kijana aliona waya. Aliinama, akautia mkono wa kulia ndani auvute. Jenereta lilikuwa likinguruma hatua chache kutoka hapo. Alipoona kivuli cha mwenzake kikisogea kuelekea kwenye wenzo wa kushushia, akapaza sauti: "Usishushe!"

Mwenzake akashusha.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa kuwa jarida hili ni la watu wa lugha na jambo lililotokea ni la lugha pia. Mkazo katika Kiswahili, kama tufundishwavyo tangu mwaka wa kwanza, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Katika neno *usishushe* mkazo uko kwenye *shu*. Ukanushi, yaani lile jambo ambalo lingeokoa mkono, umekaa mwanzoni mwa neno, katika silabi mbili hafifu zisizo na mkazo, *u* na *si*, na hizo ndizo za kwanza kumezwa na kelele. Kilichofika juu ya jukwaa kilikuwa *shushe*, au pengine *shusha*, kwa maana irabu ya mwisho nayo haina nguvu ya kushindana na jenereta. Aliyeamrishwa akatii. Yeye mwenyewe husema hivyo hadi leo: "Nilisikia shusha, ndugu yangu. Wallahi nilisikia shusha." Si Mwislamu, lakini Kiswahili cha kuapia alikiokota Mombasa.

Kondakta wa matatu analijua vyema tatizo hili, ingawa hajasoma fonolojia. Hamwambii dereva "usiondoke" wakati bibi kizee angali na mguu mmoja chini. Hupiga bodi kwa kiganja, na dereva akasimama, kwa kuwa mlio wa bati hauna ukanushi wa kupotea. Wabebaji wa mizigo nao huita "Hapo!" au "Ngoja!", maneno mafupi ambayo hata yakikatwa nusu hayageuki kuwa kinyume chake. Lau katika ghala lile pangekuwa na mtu wa kuwaambia vibarua, asubuhi ya siku ya kwanza, kwamba penye mashine neno la kuzuia ni moja tu na neno hilo ni "Simama", habari hii isingeandikwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi wake maelezo, maelekezo na mafunzo. Siku ya kwanza kijana alipewa koleo.

Mkasi ulichukua pingili mbili za kidole cha shahada cha mkono wa kulia, ukavunja na cha kati, ambacho baadaye kilipona lakini hakikunji tena. Mwenzake, kwa mikono iliyotetemeka, alirudisha wenzo juu, akaruka chini na kuvua shati lake kuufunga mkono. Hakuna aliyekumbuka kukitafuta kipande cha kidole. Huenda kisingefaa kitu, kwa kuwa kiungo kilichopondwa si sawa na kiungo kilichokatwa kwa makali. Nyama na mishipa iliyosagika ni vigumu kuungana. Hata hivyo ni vizuri ijulikane kwamba kipande kilichokatika hufungwa kwa kitambaa safi chenye unyevu, kikatiwa ndani ya mfuko wa plastiki usioingiza maji, na mfuko huo ndio uwekwao juu ya barafu. Nyama yenyewe isiguse barafu. Mnamo Januari 2018 madaktari wa Hospitali Kuu ya Kenyatta walimrudishia mkono kijana wa miaka 17 kutoka Kiambu uliokuwa umekatwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, na taifa zima likapigwa na butwaa. Lakini Kiambu imepakana na Nairobi. Kutoka Kibwezi hadi Nairobi ni takriban kilomita 200, na ajali ya kibarua haina gari lake.

Hospitalini muuguzi alichukua kitabu akauliza, kwa upole kabisa na bila nia mbaya, "Ulijikata vipi?"

Swali hilo lilimkaa kijana moyoni kuliko sindano ya ganzi. *Ulijikata*. Kiswahili, lugha tunayoisifia utajiri wa vinyambuo, kilikuwa na njia tatu za kulisema jambo lile, na kila njia ilikuwa na hukumu yake ndani. Alijikata: *ji* hiyo humfanya mtenda na mtendwa kuwa mtu mmoja, na kesi ikafungwa hapo. Alikatwa: kauli ya kutendwa, ambayo mara moja humfanya msikilizaji aulize, na nani, au na nini? Kilikatika: kauli ya kutendeka, ambapo kidole kimejitokea tu kukatika kama kamba iliyozeeka, hapana mtu, hapana mashine, hapana kosa. Muuguzi aliandika la kwanza kwa mazoea, kwa kuwa wengi wanaofika hapo na majeraha ya vidole wamejikata kwa panga au kwa kisu cha jikoni. Kijana alikuwa na maumivu mengi mno kubishania kiambishi.

Siku ya nne nyapara alimfuata chumbani. Alikuja na matunda, na pole za wakubwa, na karatasi. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, na maelezo yake, kama nyapara alivyoyafasiri, yalikuwa kwamba mfanyakazi aliingiza mkono katika mashine iliyokuwa ikifanya kazi. Kwamba kampuni kwa huruma yake ilikuwa ikimpa shilingi 20,000. Na kwamba baada ya hapo hatakuwa na dai lolote. Mkono wa kuume ulikuwa umefungwa bendeji hadi kifundoni, basi nyapara akatoa kidau cha wino na kumwambia aweke dole gumba la kushoto.

"Mzee, niache nimpigie mama simu kwanza," kijana akamwambia.

"Mama yako anajua mambo ya kampuni?"

"Hajui. Lakini kidole alikizaa yeye."

Mama, huko Mutomo, alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema: "Mwanangu, ukiliweka dole gumba hapo utakuwa umewapa na hilo." Kijana akaijibu simu kwa neno moja la Kikamba, *mwaitu*, mama yangu, na hakuweka sahihi. Nyapara aliondoka na karatasi yake. Matunda aliyaacha.

Ni vyema sasa kuitazama sheria yenyewe, kwa sababu vijana wengi wa kwetu huisikia kwa uvumi tu. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, iliyotungwa mwaka huohuo wa 2007, humtaka kila mwajiri awe na bima kwa ajili ya wafanyakazi wake, na humtaka aripoti ajali kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini katika muda wa siku 7 tangu alipopata habari. Aliyeumia naye ana miezi 12 ya kuwasilisha dai lake. Haitoshi kwa mwajiri kusema kwamba mfanyakazi alikuwa mzembe. Sheria huzungumzia utovu wa makusudi, na hata huo, ukiwa umesababisha ulemavu mkubwa au kifo, haumnyimi mtu fidia. Aidha, haifai kukimbilia mahakamani moja kwa moja. Baada ya mvutano wa miaka mingi kati ya mawakili na serikali, Mahakama ya Juu iliamua tarehe 3 Desemba 2019 kwamba utaratibu wa kuanzia kwa mkurugenzi hauvunji katiba.

Ama kuhusu thamani ya kidole, sheria ina jedwali. Ulemavu kamili, kwa mfano wa kupoteza mikono yote miwili, ni asilimia 100, na fidia yake hukadiriwa kwa mapato ya miezi 96, kukiwa na kima cha chini na cha juu. Kutoka hapo jedwali hushuka kwa ngazi: mkono, vidole vinne, dole gumba, kisha kidole kimoja kimoja, kisha pingili moja moja. Dole gumba lina bei kubwa kuliko kidole cha mwisho. Pingili mbili zina bei kubwa kuliko moja. Tufanye hesabu ya kibarua. Shilingi 600 kwa siku 25 ni shilingi 15,000 kwa mwezi. Kwa miezi 96 ni shilingi 1,440,000. Asilimia moja tu ya ulemavu, basi, ni shilingi 14,400. Zile shilingi 20,000 za huruma hazikufika hata asilimia moja na nusu.

Hata hivyo hesabu hiyo, pamoja na uzuri wake, haiulizi kidole kilikuwa kikifanya kazi gani. Pingili mbili za mwimbaji na pingili mbili za mshoni ni bei moja mradi mapato yao yalingane. Kijana alilielewa hilo kwa mjomba wake. Mjomba huyo alifanya kazi miaka mingi Mombasa, kwenye ushirika wa wachongaji wa Kikamba huko Changamwe, akachonga twiga na vifaru wa watalii hadi macho yakachoka, kisha akarudi nyumbani. Ufundi huu, kama isimuliwavyo, uliletwa Ukambani na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Likizo zote za utotoni kijana alizimaliza akipiga msasa sanamu za mjomba, na ilikuwa imekubaliwa kimyakimya kwamba siku moja tezo ingekuwa yake. Kibwezi ilikuwa ya kutafuta mtaji tu.

Bendeji zilipotolewa, mjomba alimwita chini ya mkwaju, akampa tezo na kipande cha mti. Hakusema neno la pole. Alitazama tu. Kijana alikamata mpini kwa vidole vilivyobaki, akapiga, na tezo ikalenga kando. Akapiga tena. Mara ya tatu ikamtoka na kuangukia mchangani.

"Mpwa wangu," mjomba akasema, "tezo hushikwa na vidole hivi vya nyuma, na vyako vya nyuma ni vizima. Lakini kinachoionyesha njia ni hiki." Akainua kidole chake cha shahada, kisha, kama aliyetambua amefanya nini, akakishusha haraka.

Kidole cha shahada: Waswahili wa pwani wamekiita hivyo kwa kuwa ndicho kiinuliwacho wakati wa kutoa shahada, na shahada asili yake ni ushuhuda. Wakamba wanaosema Kiswahili wamelichukua jina bila dini yake, kama wachukuavyo kiapo.

Msomaji asidhani kwamba Mkasi wa Kibwezi ni adui wa pekee wa mikono huku kwetu. Kando ya barabara za Kitui wapo akina mama wanaovunja kokoto kwa nyundo, jiwe likiwa limeshikwa kwa mkono wa kushoto na nyundo kwa wa kulia, na mara nyundo hukosea jiwe. Kuna mikanda ya mashine za kusaga unga, ambayo haina kifuniko, nayo hupenda mikono ya mashati na leso. Na kuna mkonge. Katika ile mashine ndogo ya kulishwa kwa mkono, mfanyakazi hushika jani upande mmoja na kulisukuma kwenye ngoma inayozunguka yenye vyuma butu vya kukwangua, kisha hulivuta nyuma, akaligeuza na kuusukuma upande wa pili. Ngoma inavuta, naye anavuta. Jani ni telezi kwa utomvu, na jioni mikono imechoka. Nyuzi nyeupe zinazotoka huko ndizo ambazo mama wa kijana husokota pajani mwake, na msokotaji huongoza uzi kwa kidole kilekile ambacho mwanawe hana.

Kwa mkonge ndiko alikotoka mtu aliyeifufua habari hii. Ni mzee aliyewahi kuwakilisha wafanyakazi wa chama katika mashamba ya Kibwezi, mwenye vidole vyote kumi, jambo ambalo mwenyewe hulitaja kama bahati na si kama ustadi. Miezi kumi ilikuwa imepita. Kijana alikuwa amerudi Mutomo akiishi kwa kuchunga mbuzi wa jirani na kuficha mkono mfukoni kanisani. Mzee alimkuta katika matanga, akauona mkono, akauliza tarehe ya ajali. Alipoambiwa Juni, alihesabu kwa vidole vyake.

"Bado una miezi miwili," akasema. "Lakini dai lataka shahidi. Nani aliona?"

Aliyeona alikuwa mmoja.

Tangu siku ile vijana hao wawili walikuwa hawajasemezana. Hawakugombana, walishindwa tu. Yule wa Ikutha alikuwa amebaki na kampuni ileile, akapandishwa cheo kidogo, na sasa yeye ndiye aliyewaelekeza vibarua wapya. Kumwomba atoe ushahidi kulikuwa kumwomba mambo mawili kwa pamoja: aweke mkate wake hatarini, na aandike kwa mkono wake mwenyewe kwamba ni yeye aliyeshusha. Kijana alikawia wiki mbili kupiga simu. Hofu yake kubwa, alivyomwambia mama, haikuwa mwenzake kukataa. Ilikuwa mwenzake kukubali, kisha ionekane kana kwamba fidia ilikuwa ikitafutwa kwake.

Aprili na Mei 2024 zilikuwa za mafuriko. Mvua ambayo ilikuwa imekosekana kwa misimu mitano ilinyesha kama inayolipa deni pamoja na riba. Mito mikavu ilifurika na magari yakalala upande mmoja wa maji yakisubiri. Yule wa Ikutha alisema angekuja Jumatatu, akaja Alhamisi, viatu mkononi na suruali imekunjwa magotini. Waliamkiana kwa mkono wa kushoto. Hakuna aliyekuwa amepanga iwe hivyo.

Katika ofisi ya leba walipewa benchi, kisha fomu, kisha karatasi tupu ya maelezo ya shahidi. Afisa aliwaambia waandike kwa lugha wanayoiweza. Yule wa Ikutha aliomba kalamu. Aliandika tarehe, mahali, aina ya mashine, na kelele ya jenereta. Alipofikia ajali yenyewe aliandika *kidole chake kilikatika*, akainua kalamu, akasoma, akapiga mstari juu ya neno la mwisho. Mwenzake alikuwa akitazama dirishani. Mzee wa mkonge, aliyekuwa amewasindikiza, alijifanya anasoma tangazo ukutani.

Maelezo yalipokabidhiwa, sehemu hiyo ilisomeka hivi: "Alisema usishushe. Mimi nilisikia shusha. Hakuna aliyetufundisha ishara. Nilishusha, na kidole chake kikakatwa na mashine."

Afisa aligonga muhuri, akawapa nakala, na kuwaambia warudi baada ya mwajiri kuandikiwa barua. Fomu ya dai ilihitaji sahihi ya mdai. Kijana aliichukua kalamu kwa mkono wa kulia, akaibana kati ya dole gumba na kile kidole cha kati kisichokunja, akaandika jina lake polepole. Halikufanana na lililo katika kitambulisho. Afisa alilinganisha yale majina mawili kwa muda, akautazama mkono, kisha akaandika kando, kwa kalamu nyekundu, neno la kueleza sababu.